Mhuni Aliyekunja Kava

Meneja wa madai katika kampuni ya bima alikuwa na sauti ya upole iliyomfanya mtu atamani kumrushia kiatu. Wateja walimwita Bwana Subiri, kwa kuwa hilo ndilo neno alilowapokea nalo, akawajibu nalo na kuwaaga nalo. Jumatano hiyo asubuhi, ajabu ya Mungu, yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

"Mzee, kazi yenyewe ndogo," alimwambia mpelelezi, akilisukuma faili juu ya meza. "Kuna mama mmoja, mkunga. Ana pikipiki, ana bima kubwa. Usiku wa mvua pikipiki inachanwa kiti, inakatwa nyaya, inavunjwa taa, inamwagiwa rangi. Asubuhi anatuletea madai. Sisi tunasema kafanya mwenyewe. Wewe unathibitisha, unasaini, tunafunga."

"Nathibitisha kabla ya kuangalia, au baada?"

"Ah, mzee naye! Angalia, nani kakukataza? Lakini Ijumaa faili linakwenda polisi kama udanganyifu."

Mpelelezi alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Kikosini, kabla hajastaafu, wenzake walimbatiza jina la Kobe kwa sababu ya goti lake bovu na tabia yake ya kunyamaza wakati wenzake wakibwata. Kobe akiinama anatunga sheria, ndivyo walivyosema wakubwa zake. Wale aliowatia ndani walisema mengine ambayo hayaandikiki. Siku hizi alizifanyia kampuni za bima uchunguzi, na aliipenda kazi hiyo kwa kuwa huku watu walidanganya kwa adabu.

"Madai haya yamekaa hapa tangu masika," alisema, akifunua kurasa. "Mbona?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa nini mnasema kafanya mwenyewe?"

Bwana Subiri alikuwa akilingojea swali hilo kwa hamu. Alifungua kabati la chuma, akatoa mfuko mkubwa wa nailoni uliofungwa kwa lakiri ya kampuni. Ndani yake mlikuwa na kava la pikipiki, la kijivu, zito, limekunjwa likawa pande moja la mraba lililonyooka kila upande.

"Pikipiki ilikuwa imefunikwa na hili. Mkadiria hasara wetu alilikuta juu ya ukuta mfupi, pembeni, limekunjwa hivi hivi. Halina mchano wala tone la rangi. Na lango halikuvunjwa. Sasa niambie, mzee wangu, mhuni gani anakunja kava?"

Kobe aliupokea mfuko, akaugeuza. Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyokuwamo ndani ya faili, na hakuona aibu kulisifu.

"Umeuliza vizuri. Tatizo lako ni kwamba baada ya kuuliza hukutafuta jibu. Ulitoa hukumu."

"Mwenye mali ndiye huionea mali huruma. Alijua pikipiki italipwa, kava halilipwi. Akalihifadhi."

Hoja ilikuwa na miguu, Kobe alikubali moyoni. Aliandika jina lake kwenye karatasi ya kutolea vielelezo, akauweka mfuko kwapani, akainuka.

"Hicho ni kielelezo chetu!" alisema Bwana Subiri.

"Ndiyo maana nakichukua."

*

Mkunga aliishi katika nyumba ya wapangaji iliyokuwa nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Ua ulikuwa wa saruji, na kona moja ilikuwa na paa fupi la bati. Chini ya bati hilo ndipo iliposimama pikipiki, au tuseme kilichobaki. Kiti kilichanwa mpaka sponji likatoka. Nyaya za mpini zilikatwa. Taa ya mbele ilikuwa tundu. Juu ya tangi, rangi ya fedha ilimwagika ikaganda mpaka chini kwenye injini.

Mwenye nyumba alikaa mtaa mwingine. Wapangaji walikuwa watatu: mkunga mwenyewe, shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu mumewe, aliyepanga chumba cha mbele, na mkodishaji wa maturubai na viti, jina lake la mtaani Shughuli, kwa kuwa hakuna harusi wala msiba uliofanyika bila yeye. Wote watatu walikuwa na ufunguo wa lango.

Mkunga alikuwa mwanamke mrefu asiyejua kukaa. Aliongea huku akipanga mfuko wake wa kazi: glavu, mkasi, uzi, taulo safi.

"Nikwambie ukweli, mzee? Nimewachoka nyinyi watu wa bima."

"Mimi si mtu wa bima. Wananilipa tu."

"Tofauti yake ni nini?"

"Nikikuta hukudanganya, nitawaambia. Nikikuta umedanganya nitawaambia vilevile, tena wewe ukiwepo."

Mkunga aliacha mkasi, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hapo sasa tunaelewana."

Kobe alimwuliza ingekuwaje kama Ijumaa faili lingekwenda polisi. Jibu lilitoka bila kituo.

"Baraza la wakunga linafungia leseni yangu siku hiyo hiyo. Hawangoji kesi. Na wana haki, maana mkunga akishaitwa mwongo nani atamfungulia mlango wa chumba cha mzazi? Sasa hivi nakwenda kwa miguu. Juzi nimefika ng'ambo ya mto mama kashachoka, mtoto kalegea. Mungu kasaidia. Kila siku atasaidia hivyo hivyo? Pikipiki nitatafuta namna, hata ya kuazima. Jina nitaazima kwa nani?"

Hakulia. Alikuwa na hasira, na Kobe aliamini hasira kuliko machozi, ingawa vyote viwili alishaviona vikiigizwa vizuri.

Aliukata mfuko wa nailoni mbele yake na kulitoa kava. Kabla ya kulikunjua alipiga picha kila upande. Kisha alianza kulifungua polepole, akilitazama kila kunjo kabla ya kulilegeza. Lilikuwa limekaa kabatini muda mrefu, mikunjo ikashika. Mapindo yake yote yalikuwa yamefichwa ndani. Mtu aliyelikunja alileta pindo la kulia hadi katikati, la kushoto hadi katikati, yakakutana uso kwa uso, akarudia, kisha akalifunga kama mtu anayefunga kitabu. Upande wa chini, ule unaogusa pikipiki, ndio aliougeuza ndani. Ulikuwa safi.

"Uliwahi kulikunja hivi?" Kobe aliuliza.

"Mimi? Nikunje saa ngapi?"

Alilirudisha kava la kampuni kwenye mfuko, akatoa lingine kama hilo alilolinunua dukani njiani. "Hebu nikunjie hili. Huku ukiniambia habari za huyo mama wa ng'ambo ya mto."

Mkunga alisimulia. Mikono yake ililikusanya kava kifuani kwa mikupuo mitatu na kulisokomeza chini ya kwapa, hakulitazama hata mara moja. Kobe alimwomba arudie, safari hii vizuri. Mkunga alikaza uso, akaoanisha ncha hii na ile, zikakataa, akageuza, zikakataa tena. Mwisho alikuwa na kifurushi kilichovimba upande mmoja.

"Mama yangu alishaniambia sitaolewa kwa kukunja shuka," alisema. "Nikaolewa kwa mengine."

Kobe alicheka, halafu akajikanya. Mtu anaweza kujifanya hajui kukunja. Kutokuwa na ujuzi si ushahidi, na Bwana Subiri angelisema hilo kabla hajamaliza kumeza chai.

"Shemeji yako mnaelewana?"

"Tunagombana. Anasema pikipiki niliinunua kwa pesa za kaka yake, ilikuwa aipande yeye. Lakini huyo ni shemeji, maneno yake nayachukua kama utani."

"Anafanya kazi gani?"

"Dobi."

Kobe alisahau goti lake na kusimama upesi. Dobi, mtu anayekunja kutwa.

*

Dobi alikuwa nyuma ya meza ya kupigia pasi, mwembamba, mwenye maneno mengi. Aliposikia neno pikipiki aliitua pasi kwenye kibao chake.

"Alaa! Shemeji kanishtaki?"

"Hajakushtaki. Usiku ule ulikuwa wapi?"

"Kitandani, mzee, na mvua ile ningekuwa wapi? Shughuli ndiye alichelewa kurudi. Nilimsikia akifungua lango, nikageukia ukutani nikalala."

"Inasemekana ulikuwa unaitaka pikipiki."

"Naitaka mpaka leo! Nilitaka niipande, mzee, sikutaka niichane. Mtu anayemtaka binti wa watu humkata masikio?"

Kobe alimtupia lile kava la dukani. "Nikunjie."

Dobi hakuuliza sababu. Alilishika ncha mbili, akalipiga upepo likanyooka, akalibana kwa kidevu, akalikunja nusu, kisha nusu ya nusu, akalipitishia kiganja. Kazi ilikuwa nzuri mno. Kobe aliinama akaangalia. Mapindo yote yalikuwa nje, yamepangana upande mmoja, moja juu ya jingine.

"Kwa nini usiyafiche ndani?"

"Nifiche? Mteja aseme nimeficha doa? Dobi anaonyesha pindo, mzee."

"Fanya tena."

Dobi alifanya tena, na tena, akaongeza na shuka la mteja, na angeikunja hata suruali ya mpelelezi kama angeivua. Kila mara mapindo yalitoka nje. Kobe alimtazama macho, akatazama mikono, akaona vyote viwili vinasema jambo moja. Alijisikia mpumbavu kidogo kwa jinsi alivyokimbilia pale, na alistahili.

Hata hivyo hakutoka mikono mitupu. Usiku ule kulikuwa na mtu aliyerudi akiwa macho wakati wenzake wamelala.

*

Shughuli alipatikana kesho yake mchana kwenye uwanja wa wazi, ambako mkutano wa wafanyabiashara ulikuwa umeisha na vijana wake wakishusha maturubai. Mvua ilikuwa imepita, chini tope tupu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kucha zilizobaki na alama za rangi ya fedha, ile anayopaka kwenye nguzo zake za chuma. Kobe aliziona, akaziweka akiba. Rangi ya fedha hupakwa kwenye nguzo, mageti na madirisha ya nusu ya mji, haimfungi mtu.

"Karibu, afande, vuta kiti," alisema Shughuli. "Viti ndio ninavyo vingi."

Kobe alikaa. Aliwaangalia vijana wawili wakilitandaza turubai kubwa juu ya viti vilivyopangwa, lisiguse tope. Mmoja alileta pindo lake katikati, mwenzake akaleta la kwake, yakakutana. Wakarudia. Wakafunga. Upande wa ndani, unaotazamana na wageni waliokaa, ulibaki ndani, safi. Shughuli alikuwa akiwasimamia kwa jicho moja na kumtazama mpelelezi kwa jingine.

"Mbona mnakunja hivyo?"

"Ndivyo linavyokunjwa, afande. Ukifika kwenye shughuli, unashika mapindo mawili pale yalipokutana, mmoja anavuta huku, mwingine kule, linafunguka lote. Ukikunja kienyeji utalitandaza kwanza chini, lichafuke. Turubai likishachafuka upande wa wageni, huna kazi."

Mtu mwingine angemrukia hapo hapo. Kobe alijua kwamba wapo wakodishaji wengine mjini, na vijana wao, na kila mmoja hukunja hivyo. Alichotaka ni mtu akunje bila kuombwa.

Alianza maswali ya kawaida, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Usiku ule alirudi saa ngapi? Alitokea wapi? Alimwona nani uani? Huku akiuliza, alitoa kava la dukani kutoka kwenye mkoba, akajifanya anatafuta kalamu, akaliacha lidondoke kwenye tope. Hakuliokota.

"Nilikuwa kwenye harusi," alijibu Shughuli. Macho yake yalishuka chini. "Tulimaliza mapema."

"Mapema? Harusi gani inaisha mapema?"

"Ile... mvua, afande. Kava lako limeanguka."

"Liache. Mvua iliwakatiza?"

"Ndiyo. Hapana. Wenyewe wenye shughuli walisema... Afande, linaloa hilo."

"Litakauka. Walisema nini?"

Shughuli alijifuta jasho. Alianza sentensi, akaipoteza katikati. Kila neno lililotoka mdomoni lilirudi chini kwenye lile kava lililolala topeni. Hatimaye, akiwa bado anaeleza jinsi ndugu wa bibi harusi walivyokuwa wakali, aliinama, akaliokota, akalikung'uta mara mbili, akalipangusa kwa shati lake mwenyewe, akalitandaza juu ya viti. Pindo la kulia hadi katikati. Pindo la kushoto hadi katikati. Tena. Akafunga.

Akabaki amelishika. Aliitazama mikono yake, kisha akayaona macho ya mpelelezi.

Kobe alitoa picha ya kava la kampuni, akaiweka kando ya lile la dukani, juu ya kiti kilekile. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kitu.

"Kaa," alisema Kobe, kwa upole kabisa. "Nieleze ile harusi."

Shughuli alikaa. Kilichotoka kilitoka kwa mkupuo. Kona ile ya bati ndiyo aliyokuwa akianikia maturubai yake wakati wa mvua, mpaka mkunga aliponunua pikipiki na mwenye nyumba akampa mkunga kona hiyo. Turubai likakunjwa bichi, likaota ukungu. Usiku ule alilisimamisha harusini, likanuka juu ya vichwa vya wageni, na wenye shughuli wakalishusha wenyewe wakamtoa nje nalo, watu wakitazama.

"Nimerudi nimelowa, afande. Naingia uani, nakuta chuma chake kimelala pakavu, kimefunikwa, na turubai langu limeoza. Sikujua nilichofanya. Kisu nilikuwa nacho, rangi nilikuwa nayo, nguzo ya hema nilikuwa nayo. Asubuhi nilipoona nilitaka kufa."

"Na kava?"

"Nililivua ili niifikie pikipiki. Likaanguka kwenye maji. Afande, sikuweza kuliacha pale. Nakuapia, hata sikumbuki kulikunja."

Kobe alimwamini. Miaka yote ile kazini alishaona midomo ikidanganya kila aina ya uongo, lakini mikono ya mtu hufanya inachofanya kila siku. Alimwinua Shughuli kwa kumshika kiwiko, na wakaongozana hadi kituo cha polisi, ambako maelezo yale yale yaliandikwa mbele ya mkuu wa zamu na yakawekwa kidole gumba.

*

Ijumaa asubuhi, benchi la wateja mbele ya ofisi ya madai lilikuwa limejaa kama kawaida. Kobe aliingia na mkunga, na mlango akauacha wazi. Bwana Subiri alinyanyua kichwa.

"Umesaini?"

"Nimesaini. Kwanza nisaidie jambo. Nikunjie hili kava."

"Mzee, mimi meneja!"

"Ndiyo maana naomba kwa heshima."

Watu wa benchini walianza kuchungulia. Bwana Subiri, akiona macho yamemwelekea, alisimama na kulishika kava la dukani. Alilikunja nusu, ncha ikamtoroka. Akaifuata, nyingine ikaanguka juu ya kikombe cha chai. Mzee mmoja benchini alisema, si kwa sauti ndogo, kwamba hata kukunja kutasubiri. Kicheko kikaenda hadi kwenye ngazi.

Kobe alimwekea mezani kava la kampuni na picha zake, akamwonyesha mapindo yaliyojificha, akamwambia ni mikono ya nani hukunja hivyo na kwa nini. Kisha akaweka nakala ya maelezo ya polisi.

"Uliuliza mhuni gani anakunja kava. Ni mkodishaji wa maturubai. Amekiri."

Mkunga, aliyekuwa amesikia jina usiku uliopita, alitazama pembeni. "Angeniambia tu," alisema. "Kona ningempa."

Bwana Subiri alisoma maelezo, akarudia kusoma. Alipoinua uso, ile sauti ya upole ilikuwa imerudi.

"Hongera, mzee. Kazi nzuri sana. Tumepokea. Sasa tutalipeleka kwenye kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda."

"Mungu usimtie kwenye kamati yako," alisema Kobe. "La kumfunga huyu mama mlitaka liende leo, bila kamati. La kumsafisha ndilo linataka kamati? Jibu lenu mmelifungia kabatini tangu masika na hamkulifungua hata siku moja. Hilo nimeliandika. Ripoti ina nakala mbili. Moja ni yako, nyingine ni ya ofisi ya usimamizi wa bima, na bado iko mfukoni mwangu."

Aligusa mfuko wa koti. Bwana Subiri aliufuata mkono kwa macho. Kisha meneja alivuta kalamu, akasaini idhini ya fidia, akapiga muhuri, akasaini tena chini ya muhuri, na lile faili la udanganyifu akalichana vipande mbele ya wote kama lilivyostahili.

"Haya. Mama, umelipwa. Umeridhika?"

"Bado," alisema mkunga. "Fidia nimeiona. Kuna neno sijalisikia. Mimi ni mwongo au si mwongo?"

"Mama, mambo hayo..."

"Uliliandikia baraza langu kwamba unanichunguza. Ulimpigia bosi wangu wa kliniki. Sema sasa, na hawa wasikie."

Bwana Subiri alitazama mlango uliokuwa wazi. "Mama huyu hakudanganya."

"Hatusikii!" alidakia yule mzee wa benchini.

"Mama huyu hakudanganya! Kampuni ilikosea!"

Benchi zima liliinuka likipiga makofi. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, na watu wa ofisi za jirani wakatoka kuona ni harusi ya nani. Mkunga alisimama katikati yao, mkono kifuani, na sasa ndipo machozi yalipomtoka, akayaacha yatiririke. Kobe, ambaye hakulia hata siku aliyostaafu, aligundua kwamba anayo shughuli kubwa sana na kamba ya kiatu chake.

Hapo ndipo simu ya mkunga ilipoita. Alisikiliza, akauliza maswali mawili mafupi, na uso wake ukabadilika ukawa wa kazi.

"Mzazi. Uchungu umeshakaza. Kilimani kabisa."

Kobe alimgeukia meneja. "Bima kubwa yenu inampa mteja pikipiki ya kutumia mpaka yake itengenezwe. Nimeona zimepangwa hapo nje, zina nembo yenu kwenye tangi."

"Zile ni za maonyesho! Inabidi kujaza..."

"Mtoto hajui kujaza," alisema mkunga, kiganja chake tayari kiko wazi.

Funguo ziliwekwa kwenye kiganja hicho. Mkunga alimwagiza Kobe apande nyuma ashike mfuko, na Kobe, ambaye majambazi hawakuwahi kumwamrisha, alipanda. Geti la kampuni lilikuwa limefungwa na mlinzi hayupo. Bwana Subiri alikimbia mwenyewe, tai ikipepea begani, kulifungua. Pikipiki ilipita kando yake bila kupunguza mwendo, na wateja walijazana madirishani wakiishangilia mpaka kona.

Kobe aliikumbuka njia ile kwa sala alizozisoma. Walifika kwenye nyumba ya matofali mabichi, mkunga akaruka na mfuko, mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Bibi mmoja alisema, "Kaja! Kaja kwa pikipiki!" na mlango ukafungwa. Mpelelezi alikaa kwenye jiwe nje, goti likimlaani, akasikiliza sauti ya mkunga ikiamuru, ikibembeleza, ikiamuru tena. Halafu sauti nyingine, ndogo, kali, yenye hasira na dunia nzima.

Mkunga alitoka akijifuta mikono kwa taulo. Jasho lilikuwa limemlowesha, na alikuwa akicheka peke yake.

"Wa kiume. Amekuja na kitovu shingoni, mzee. Ningekuja kwa miguu, tungekuwa tunaongea mengine sasa hivi."

Kobe aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, akashika mfuko wa mkunga. Mkunga alipiga kiki mara moja tu, injini ikashika.

"Panda nikurudishe," alisema. "Kesho nina wawili ng'ambo ya mto."